Kanda ya bendi imeonekana kabatini: jinsi ya kuitoa kwa wasikilizaji, na majina yake yote

Swali ninaloletewa sana dukani, hapa Kibokoni, Mombasa, ni moja: "Fundi, tumepata kanda ya marehemu babu. Ina bendi, ina saksafoni. Twaitoaje?" Kanda yenyewe huja ndani ya mfuko wa plastiki, na aliyeileta hutaka niipige papo hapo. Siipigi. Namuuliza kwanza: katika watu waliopiga humu, kuna aliye hai? Akinijibu kwamba yuko mzee mmoja Majengo, au Kisauni, napokea kanda, naandika risiti, kisha namtuma kwa mzee huyo kabla ya jambo jingine lolote.

Huo ndio mpangilio wangu wa kazi. Kanda ikiwekwa pakavu itangoja. Mzee wa miaka 85 anayemkumbuka mpiga tarumbeta kwa jina lake na la babake hangoji, na akishaondoka hakuna mashine ya kulirudisha jina hilo.

Pa kutafuta

Wengi hudhani rekodi za maana zimelala kwenye maghala ya makampuni. Tazama jazi ya Marekani, ambako makampuni yalikuwa na pesa na nafasi. Tarehe 6 Machi 1963 mpiga saksafoni John Coltrane alirekodi albamu nzima New Jersey. Kanda ya kampuni haikubaki. Iliyobaki ni nakala aliyokwenda nayo nyumbani kusikiliza, ikatunzwa na jamaa za mkewe wa kwanza, Naima, mpaka ikatoka mwaka 2018. Onyesho lake na mpiga piano Thelonious Monk la tarehe 29 Novemba 1957 huko Carnegie Hall lilinaswa na redio ya Sauti ya Amerika, likakaa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani hadi mwaka 2005, Larry Appelbaum alipokuwa akishughulikia kanda za zamani na kuona boksi lililoandikwa "T. Monk" kwa mkono. Herufi chache za kalamu ndizo zilizoiokoa.

Na kuna ya Palo Alto, California, ambayo huniuma. Mwaka 1968 kijana wa miaka 16, Danny Scher, alimwalika Monk aje apige kwenye shule yake ya sekondari. Mfanyakazi wa usafi wa shule ile akasema ataitia piano sauti sawa, mradi akubaliwe kunasa onyesho. Alinasa vizuri sana. Albamu ilitoka mwaka 2020, dunia nzima ikaisikiliza kazi ya mikono yake, na yeye mwenyewe hakutajwa jina.

Hapa kwetu tafuta kwa mafundi wa redio waliostaafu, kwa mabaharia waliorudi na mashine za rili, zile za magurudumu mawili ya utepe, kutoka melini, kwa waliokuwa wakinasa harusi, kwa wapishi na wahudumu wa mahoteli ya Nyali na Bamburi ambako bendi zilipigia watalii. Mombasa ilikuwa na maduka yaliyorekodi na kuuza wenyewe. Mbwana Radio walijulikana kwa kaseti zao, na duka la Assanand lilikuwa na lebo ya Mzuri, ambayo taarabu yake ya miaka ya 1965 hadi 1975 ilirudi tena kwenye juzuu ya pili ya mfululizo wa albamu za Zanzibara. Nyuma ya kila duka la namna hiyo palikuwa na vijana wa kutengeneza nakala, na vijana hao leo ni wazee wenye makabati.

Usifunge utafutaji ndani ya kisiwa. Wanamuziki walikuwa watu wa safari. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakafika Mombasa mwaka 1971 na kuunda bendi ya Simba Wanyika. Kanda iliyonaswa Mwembe Tayari yaweza kuwa na watu wanne wa Tanga na mmoja wa Taita.

Boksi kwanza

Kabla ya kugusa utepe, piga picha boksi pande zote sita na kila karatasi iliyo ndani, hata risiti ya sukari. Ukiona limeandikwa VoK, hiyo ni Sauti ya Kenya, redio ya taifa, jina lililotumika tangu 1964 mpaka 1989. Kaseti haiwezi kuwa ya kabla ya 1963, kwa kuwa Philips ndipo walipoileta. Mwandiko nao ni ushahidi, kwa hivyo usiweke stika yako juu yake.

Kisha nusa. Harufu ya siki ni dalili kwamba utepe ni wa asetati, plastiki ya zamani, na umeanza kuoza. Ishike rili kwenye mwanga wa dirisha, uitazame ubavuni. Mwanga ukipenya, mara nyingi ni asetati. Ikiwa nyeusi isiyopitisha kitu, mara nyingi ni poliesta, plastiki ya baadaye. Tofauti hii iandike kwa kalamu nene kwenye daftari lako, maana matibabu yao hayafanani na ukiyachanganya utaiua kanda.

Adui wetu Mombasa ni unyevu. Kanda hutaka hewa yenye unyevu wa kati ya asilimia 30 na 50, na joto la nyuzi 20 hivi. Hewa yetu siku nyingi hupita asilimia 70, na mvua za masika zikiingia huwa mbaya zaidi. Nunua chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, utie vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, usimamishe rili wima, na ukiweke mbali na spika na mota. Friji haifai. Ukiona ukungu mweupe, vaa barakoa na uifungulie nje, si chumbani kwa watoto.

Kwenda kwa wazee

Safari ya kwanza usiende na muziki. Nenda na picha ya boksi. Nenda baada ya Alasiri jua likishapoa, na uage kabla ya Magharibi. Chukua haluwa na kahawa. Shikamoo kwanza, kinasa sauti baadaye, tena baada ya kuomba ruhusa. Mkewe akikupokea, kaa naye vizuri: picha za bendi mara nyingi ziko kwake, ndani ya albamu ya harusi, na yeye ndiye anayejua nani alikuwa akija kulala sebuleni baada ya dansi.

Swali la "ilikuwa mwaka gani?" halina faida, kwani atakukisia mwaka wa kukuridhisha. Muulize kama ilikuwa kabla ya uhuru au baada. Muulize kama daraja la Nyali lilikuwa lile la kuelea au hili lililofunguliwa mwaka 1980. Gitaa lilikuwa mali ya nani? Nani alikuwa akiwalipa, na kwa wiki au kwa usiku? Maswali haya mawili ya mwisho yanaonekana ya kidaku, lakini ndiyo yatakayokuonyesha baadaye nani alikuwa mwenye bendi na nani alikuwa kibarua wake.

Safari ya pili ndiyo ya kwenda na sauti. Beba spika ndogo, usimvishe mzee vidude vya masikioni. Piga wimbo mmoja mzima, na wewe unyamaze mpaka uishe. Nimekaa na mpiga besi mmoja ambaye familia yake yote ilikuwa na hakika kwamba solo ya saksafoni ni ya rafiki yake. Wimbo ulipokwisha akasema, "Huyo si yeye. Yeye alikuwa havuti pumzi katikati ya sentensi. Huyo ni kijana wa Tanga aliyekuja kutushikia wiki mbili, alikuwa na kidonda mdomoni." Ukirudia kusikiliza, pumzi ile inasikika wazi, kabla tu ya noti ya juu. Pengine hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumtambua kijana huyo.

Andika kwenye jedwali: wimbo, chombo, jina kamili, jina la utani, mahali alipo au kaburi lake, na simu ya mtu wa familia. Majina mawili ya kila mtu ni lazima. Pwani mtu hujulikana mtaani kwa jina moja na kwenye kitambulisho kwa jingine, na pesa hulipwa kwa la kitambulisho.

Sasa jambo zito. Wapo wazee walioacha muziki wakashika dini, na hawataki jina lao lionekane kwenye santuri ya dansi. Utakapomkuta huyo, usibishane naye na usimtume mjukuu amlainishe. Muulize faraghani anaridhia nini. Mmoja atakubali herufi za mwanzo tu, mwingine atakwambia pesa zake ziende msikitini, na wa tatu atakataa kabisa. Mimi ninayeyapenda majina kuliko kitu chochote katika kazi hii nasema: akikataa, jina halitoki. Ni lake. Liandike kwenye daftari lako la ndani pamoja na katazo lake, ili atakayekuja baada yako asilitoe kwa kudhani ulisahau.

Kuipiga

Ikiwa poliesta ni ya miaka ya 1970 au 1980, huenda gundi inayoshika unga wa sumaku imenyonya maji. Utepe wa namna hiyo hulia kwa sauti kali ukipita kwenye kichwa cha mashine, kile kinachosoma sauti, na kuacha tope la kahawia. Simamisha mara moja. Hutibiwa kwa joto la takriban nyuzi 54 kwa saa 8 au zaidi, ndani ya kifaa ambacho joto lake halipandi na kushuka, kisha huachwa upoe taratibu na kunakiliwa ndani ya wiki chache. Oveni ya jikoni haifai. Asetati haitiwi joto hata kidogo. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, mpe aliyewahi.

Safisha vichwa na njia ya utepe kwa spiriti isiyo na mafuta wala manukato, kwa kijiti cha pamba, na usubiri ikauke. Zungusha kanda polepole mwanzo hadi mwisho mara moja kabla ya kuipiga.

Halafu kasi, na hapa ndipo rekodi nyingi za zamani zilizowekwa mtandaoni zinapoharibika. Baadhi ya mashine zilizoshuka bandarini zilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, hezi 60, yaani unaopiga mara 60 kwa sekunde. Wa kwetu ni hezi 50. Transfoma hubadilisha volti tu. Hezi hubaki zile zile. Mashine yenye mota inayofuata hezi za umeme itakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji atashuka nusu toni tatu na zaidi. Kijana wa miaka 20 anasikika kama mzee mwenye mafua, na watu husifu "sauti nzito ya zamani".

Njia ya kuhakikisha ni hii. Mashine iliyochomekwa ukutani wakati wa kurekodi mara nyingi iliingiza mvumo mdogo wa umeme kwenye kanda. Kenya mvumo huo ni hezi 50, pamoja na 100 na 150 juu yake. Fungua rekodi kwenye programu inayoonyesha masafa, Audacity ya bure yatosha, na uchague pahali tulivu kati ya nyimbo mbili. Kwanza simamisha kanda utazame: mvumo unaobaki ni wa mashine yako, usiuhesabu. Kisha piga. Mstari ukiukuta kwenye 48, kanda inakwenda polepole kwa asilimia 4. Ongeza kasi mpaka mstari ukae 50. Ikiwa mashine ya zamani ilitumia betri, hakuna mvumo wa kukusaidia. Hapo mrudie mzee wa gitaa, umuulize wimbo ule alikuwa akiushika kwenye ufunguo gani. Vidole vyake vitakumbuka.

Skrubu ya pembe ya kichwa izungushe kidogo kidogo huku ukisikiliza matoazi. Yanapong'aa kuliko mahali pengine pote, acha. Ukisikia muziki mwingine unaokwenda kinyumenyume chini ya wimbo, kichwa chako ni kipana kuliko njia iliyorekodiwa, yaani mstari wa sauti kwenye utepe, na unasoma pande mbili kwa pamoja. Tafuta mashine ya njia nne.

Nakili kwa WAV, faili isiyobana sauti, biti 24, kilohezi 96, upande mzima bila kukata. Faili hiyo haiguswi tena na mtu yeyote. Kazi ya kusafisha hufanyiwa nakala. Na kwenye kusafisha, uwe na mkono mwepesi: programu inayoondoa mvumo wote huondoa pia mlio wa brashi kwenye ngoma. Kwenye kanda moja iliyopita benchini kwangu, kabla ya wimbo wa tatu, honi ya meli inalia mbali, mtu anaburuta kiti, na sauti inasema, "Bado chai haijafika?" Mteja alitaka nikate. Nilimwomba aiache, na mwenye duka lililonasa kanda ile akaitambua sauti: ilikuwa ya mpiga ngoma, ambaye mpaka siku hiyo hatukuwa na jina lake.

Haki na pesa

Kumiliki kanda si kumiliki wimbo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, ilhali rekodi yenyewe hulindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliponaswa. Kwa hivyo rekodi ya 1968 yaweza kuwa imekwisha muda, huku mtunzi aliyefariki 1999 akilindwa hadi mwisho wa 2049. Uliza KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na uangalie kama wahusika ni wanachama wa vyama vya mirabaha: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji, au PRISK kwa wapigaji.

Hata pale sheria ilipomwachilia mpiga ngoma, mimi husema alipwe. Familia ya marehemu lazima ionyeshe nani ana mamlaka ya kutia sahihi: kwa Waislamu mambo ya mirathi huenda Mahakama ya Kadhi, kwa wengine mahakama za kawaida. Usikubali sahihi ya mtoto mmoja aliyekutana nawe hotelini.

Mkataba uwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya wote. Uwe na kikomo, miaka mitano au saba, na utaje mgawanyo kwa asilimia, tarehe ya kulipa na namba ya M-Pesa ya kila mmoja. Akija mgeni wa lebo ya ng'ambo, mkaribishe, wengi wao wanaupenda muziki wetu kwa dhati. Lakini rili isipande ndege. Najua familia moja ya Mji wa Kale iliyompa mkusanyaji kanda mbili "za kunakili tu", na mpaka leo hawana kanda wala nakala. Mpe faili. Kila aitakacho kimo humo.

Kuitoa

Kwa santuri ya LP, weka kama dakika 20 kila upande. Ukijaza zaidi, sauti hupungua nguvu. Agiza sahani za majaribio na uzisikilize zote kabla ya kuruhusu kiwanda kiendelee. Mtandaoni, kila wimbo upate namba yake ya ISRC, inayotambulisha rekodi hiyo peke yake, na jina la mtunzi liandikwe kwenye nafasi ya mtunzi, la mpigaji kwenye ya mpigaji. Watu huacha nafasi hizo wazi kwa uvivu, na malipo hupotelea humo. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili. Zieleze familia mapema ili zisidhani umeziibia.

Majina yawe nyuma ya jalada, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, pamoja na aliyenasa, aliyetunza kanda, na mpiga picha. Pale ambapo jina halikupatikana andika "mpiga tarumbeta: tunamtafuta" na namba ya simu. Njia hii huleta majibu kuliko tangazo lolote.

Kabla ya siku ya kutoka, isikilizeni kwanza hapa: barazani, wazee mbele, vijana nyuma, chai na mahamri. Fanya hivyo kabla jalada halijachapwa, kwa sababu masahihisho yatakuja usiku huo huo.

Mwisho, nakala. Moja kwa familia, moja kwako, moja nje ya kisiwa kabisa. Rili yenyewe irudi kwa wenyewe ikiwa imezungushwa hadi mwisho, imesimama wima ndani ya chombo kikavu, na jedwali la majina ndani ya boksi. Waambie kila masika yakiisha waifungue, wainuse, wabadilishe vipakiti. Wakisikia siki, wasingoje mpaka Idi. Walete dukani wiki hiyo hiyo.